Kakao, kokoa au koko? Chokoleti na majina ya kazi zake

Mwalimu mmoja anayefundisha Kiswahili upande wa Kangundo alinitumia swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa mistari miwili. Wanafunzi wake waliandika insha kuhusu mazao ya biashara barani Afrika. Mmoja kaandika kakao, wa pili kokoa, wa tatu koko. Je, asahihishe vipi? Kisha, kama nyongeza tu, akanidokezea kuwa wa nne hakujisumbua na zao lenyewe. Aliandika kwamba “chokoleti ni uvumbuzi wa Wazungu”, na mwalimu akampa alama ya vyema. Swali la mwalimu lilihusu wale watatu. Aliyenikosesha usingizi mimi ni yule wa nne.

Haya, tuanze na watatu.

Wahispania walilikuta neno kakao huko Amerika ya Kati, wakalichukua jinsi walivyolisikia. Wafaransa na Wajerumani nao wakalihifadhi vivyo hivyo. Waingereza ndio waliolivuruga. Walikuwa na neno jingine, coco, ambalo Wareno waliipa nazi kwa sababu yale matundu matatu ya kifuu yaliwakumbusha uso wa zimwi. Maneno haya mawili yakaanza kukanyagana, na katika kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka wa 1755 maelezo ya nazi na ya kakao yaliangukia chini ya kidahizo kimoja. Tangu hapo Mwingereza anaita kakao kwa jina lililonuka nazi. Kwa hiyo anayeandika kokoa kwa Kiswahili anakopa neno pamoja na kosa lake.

Isitoshe, Kiswahili tayari kina kitenzi kokoa, maana yake kukusanya taka mahali pamoja. Ukimwambia bibi wa Mji wa Kale, Mombasa, kwamba umeamkia kikombe cha kokoa, usishangae akikuuliza kama hukupata chai. Koko nalo ni ile mbegu ngumu ndani ya embe, na hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Machakos. Basi tuseme kakao, na mti wake uwe mkakao. Hata hivyo singemkata mwanafunzi alama kwa sababu ya kokoa. Tanzania wapo wengi wanaolitumia, na bonde la Kilombero kuna kampuni iliyoanza kazi mwaka wa 2013 inayojiita Kokoa Kamili. Lugha haitawaliwi na maprofesa peke yao, ashakum.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kwa ajili ya wenzangu wa huku Ukambani, maana wengi wetu tunaijua kakao kupitia mkebe wa dukani tu. Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai inauma, na mvua zetu ni za kubahatisha. Mkakao hautaki mambo hayo. Ni mti wa nchi ya chini, yenye joto na unyevu mwaka mzima, na hupenda kukua chini ya kivuli cha miti mikubwa kuliko wenyewe. Hauvuki sana digrii 20 kaskazini au kusini mwa ikweta. Matunda yake hayaning'inii matawini pekee bali huota hata kwenye shina, kama mafenesi. Ukilipasua tunda moja utapata mbegu 30 au 40 zilizofunikwa na ute mweupe mtamu unaokumbusha stafeli. Ganda lake gumu lina jina zuri la Kiswahili tangu kale: kaka. Ndiyo, kaka la kakao, kama tusemavyo kaka la yai.

Sasa turudi kwenye neno. Mwaka wa 1984 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Río Azul, kaskazini mwa Guatemala, walifungua kaburi la Mmaya wa tabaka la juu aliyezikwa katika karne ya 5 BK. Miongoni mwa vyombo alivyozikwa navyo mlikuwa na chungu chenye kifuniko cha kuzungusha, mithili ya chupa ya siku hizi. Juu yake palichorwa alama za maandishi. David Stuart, mtaalamu wa hati za Kimaya, alizisoma silabi kwa silabi: ka-ka-wa. Alama ya ka ilichukua umbo la samaki. Mabaki yaliyoganda ndani ya chungu yakapelekwa kwenye maabara ya kampuni ya Hershey, watengenezaji wa chokoleti nchini Marekani, na yakapatikana na theobromini na kafeini, kemikali ambazo zikikutana katika chombo cha eneo lile hutambulisha kakao. Chungu kilikuwa kimeandikwa kilichomo, na miaka 1,500 baadaye maabara ikathibitisha kwamba mwandishi hakudanganya. Watu wa isimu hatupati ushahidi wa namna hii kila siku.

Na Wamaya wenyewe hawakuwa wa kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba watu wa Santa Ana-La Florida, kusini mashariki mwa Ecuador, walitumia kakao yapata miaka 5,300 iliyopita. Kuhusu neno, Lyle Campbell na Terrence Kaufman walidai mwaka wa 1976 kwamba limetoka katika jamii ya lugha za Mixe-Zoque, zinazohusishwa na Waolmeki, ustaarabu uliowatangulia Wamaya. Wapo waliowapinga, na nitawataja hivi punde. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba wakati neno hili linaandikwa kwenye kile chungu, Ulaya haikuwa na habari ya mti, mbegu, wala kinywaji.

Chokoleti je? Hapa pana hadithi ambayo imerudiwa katika vitabu na hata kwenye karatasi za kufungia chokoleti hadi imekuwa kama aya. Eti neno limetoka kwa xocolatl la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na maana yake ni “maji machungu”. Inapendeza kusimulia lakini ina walakini. Herufi x ya Kinahuatl hutamkwa sh, na xococ maana yake ni -chachu, wala si -chungu. Mswahili hawezi kuchanganya ndimu na mwarobaini, basi kwa nini akubali kuchanganyiwa maneno? La pili ni zito zaidi. Neno xocolatl halionekani katika maandishi ya mwanzo ya Kinahuatl. Kinywaji kiliitwa cacahuatl, yaani maji ya kakao. Wapo waliosema kwamba Wahispania walilikwepa neno hilo kwa aibu, kwa kuwa caca kwao ni jambo lisilotajwa mezani, wakaunda jingine kwa kuchanganya Kimaya na Kinahuatl. Nacheka kila ninapoisoma hoja hiyo, ila siikatai kabisa.

Mwaka wa 2000 Karen Dakin na Søren Wichmann, ambao ndio pia waliopinga maelezo ya Campbell na Kaufman, walileta wazo jingine. Walisema umbo la asili ni chicolatl, ambalo limesalia katika lahaja kadhaa za Kinahuatl, na kwamba sehemu yake ya kwanza inahusiana na kijiti cha kukorogea kinywaji mpaka kitoe povu. Povu ndilo lililokuwa fahari ya kinywaji hiki. Kisichokuwa na povu hakikupewa mgeni.

Tazama sasa jinsi Kiswahili kinavyotusaidia kuona jambo hili. Kile kijiti, ambacho Wamexico wanakitumia hadi leo na kukiita molinillo, huwekwa kati ya viganja viwili na kuzungushwa mbele na nyuma. Hatuhitaji kueleza kwa sentensi nzima. Tunasema kupekecha. Ndivyo wazee walivyopekecha ulindi mpaka moto ukatoka, na ndivyo mfitini anavyopekecha majirani mpaka wagombane. Ikiwa Dakin na Wichmann wako sahihi, chokoleti ni maji ya kupekecha. Kinywaji kimeitwa kwa jina la kazi ya mikono iliyokitengeneza.

Najua pingamizi lililopo. Michoro ya kale ya Wamaya inaonyesha mwanamke akimimina kinywaji kutoka chombo kimoja akiwa amesimama, kikishuka hadi chombo kingine chini, kama mama anavyopoza chai ya mtoto kikombe hadi kikombe, ila kutoka juu zaidi. Povu lilipatikana kwa njia hiyo pia, na ushahidi wa kijiti kabla ya Wahispania ni mwembamba. Pamoja na hayo naegemea upande wa kupekecha, kwa sababu maelezo haya yana lahaja hai za kuyaegemeza, ilhali “maji machungu” yana kurudiwarudiwa tu.

Mbegu zenyewe zilikuwa pesa. Orodha ya bei ya Tlaxcala, Mexico, ya mwaka wa 1545 imehifadhiwa: bata mzinga jike mzuri, mbegu 100, yai lake, mbegu 3, nyanya kubwa, mbegu 1, parachichi lililochumwa sasa hivi, mbegu 3, lililoiva kabisa, mbegu 1. Wakamba wa zama za misafara, waliopima biashara kwa shanga na nguo za Pwani, wangeielewa orodha hii bila mkalimani. Na penye pesa pana pesa bandia. Walaghai walikuwa wakitoa kiini cha mbegu na kujaza udongo ndani ya ganda, wakalifunga tena. Kwa njia, avokado tunalonunua kando ya barabara ya Kangundo ni ahuacatl, na tomato ya mitaani ni tomatl. Bila kujua, muuza mboga wetu ameshika maneno mawili ya Kinahuatl, na akiwa na chokoleti kwenye mkoba ni matatu.

Mzungu wa kwanza anayejulikana kuona kakao hakuitambua. Agosti 1502, miaka minne baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, Christopher Columbus alikuwa karibu na kisiwa cha Guanaja, Honduras, alipokutana na mtumbwi mkubwa wa wafanyabiashara. Mwanawe Ferdinand aliandika baadaye kwamba katika shehena mlikuwa na kitu alichokidhani ni aina ya lozi, na kwamba kila moja ilipoanguka wenyewe waliinama upesi kuiokota, kana kwamba jicho limewadondoka. Columbus akaendelea na safari.

Kinywaji kilifika Uhispania mwaka wa 1544, kikiletwa na ujumbe wa Wamaya wa Kekchi waliopelekwa na mapadre kwa mwanamfalme Felipe, na shehena ya kwanza ya biashara inayojulikana iliingia Seville mwaka wa 1585. Huko kikatiwa sukari kwa wingi, pilipili ikapunguzwa. London walianza kukitangaza madukani mwaka wa 1657. Mwaka wa 1753 Carl Linnaeus akaupa mti jina la kisayansi, Theobroma cacao, neno la kwanza likimaanisha chakula cha miungu, la pili likiwa lilelile la chungu cha Río Azul. Lakini muda wote huo, zaidi ya miaka 200, Ulaya haikubadilisha chochote cha maana katika utengenezaji. Walipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia lililopinda kidogo, metate, ambalo ukiona picha yake utadhani limechukuliwa kwa bibi yako Mwala, jiwe la kusagia wimbi na mtama. Jiwe lilisafiri pamoja na mbegu.

Nisimame hapa nieleze kazi yenyewe, maana ndipo utamu ulipo.

Tunda huvunwa na kupasuliwa. Mbegu pamoja na ule ute hulundikwa kwenye sanduku au kikapu, zikafunikwa kwa majani ya mgomba siku 5 hadi 7. Kiswahili kina neno lililokomaa la hatua hii: kuvundika. Ndilo tulitumialo kwa ndizi. Ute huchacha, joto hupanda, chipukizi iliyo ndani ya mbegu hufa, na mbegu iliyokuwa ya zambarau na chungu kupita kiasi huanza kugeuka hudhurungi. Ukiiruka hatua hii, hata uwe na mashine za Uswisi, hutapata ladha ya chokoleti. Halafu mbegu huanikwa juani wiki moja hivi huku zikigeuzwa, mpaka ukizishika mkononi zinalia kama kokoto.

Kisha hukaangwa. Huvunjwavunjwa. Hupepetwa kwa uteo ili maganda yaruke, jambo ambalo mpishi wa muthokoi halihitaji kufundishwa. Kisha husagwa, na hapa ndipo kakao inapomshangaza mzoefu wa posho. Ukisaga mahindi unapata unga. Ukisaga kakao unapata rojo, kwa sababu karibu nusu ya mbegu ni mafuta, na joto la jiwe huyayeyusha. Waamerika wa kale walilifanya rojo hilo kuwa vidonge, wakaliyeyusha katika maji, wakapekecha.

Mpaka hapo nimetaja kuvundika, kuanika, kukaanga, kupepeta, kusaga na kupekecha. Vitenzi vyote hivyo ni vya jikoni mwetu, na kazi zote hizo zilifanywa Amerika maelfu ya miaka kabla ya kiwanda cha kwanza cha Ulaya. Kwa hiyo ile alama ya vyema ya mwanafunzi wa nne, mwalimu wangu, haina msingi.

Lakini tusimdhulumu Mzungu naye. Alichoongeza kipo na si kidogo. Mwaka wa 1828, nchini Uholanzi, familia ya Van Houten ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao, ikabaki keki kavu iliyosagwa kuwa unga. Wazee wa Lamu wangeiita mashine hiyo shinikizo, sawa na lile la mafuta ya ufuta lililozungushwa na ngamia. Siku hizi shinikizo limehamia kwenye siasa, tunasikia mashirika “yakitoa shinikizo” kwa serikali, na vijana hawajui kwamba palikuwa na ngamia aliyefungwa macho anazunguka. Mwaka wa 1847 kampuni ya J. S. Fry ya Bristol iliuchukua ule unga na sukari, ikaurudishia mafuta ya kakao, ikapata kitu kinachoganda kuwa kibao. Hapo ndipo kinywaji kilipoanza kutafunwa. Miaka ya 1870 Daniel Peter wa Vevey, Uswisi, baada ya kuhangaika miaka kadhaa kwa sababu maji na mafuta hayapatani, alifaulu kuingiza maziwa yaliyoondolewa maji. Mwaka wa 1879 Rodolphe Lindt wa Bern akaja na mashine ya kuisugua chokoleti kwa saa nyingi mfululizo mpaka uchachu uliobaki utoke na ulimi usihisi chembe hata moja. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti huyeyuka mdomoni, na ndiyo maana ukiiacha kwenye dashibodi ya matatu ya Kitui saa saba mchana utakula kwa kijiko.

Mashine zilipoongezeka kasi, zilihitaji mbegu nyingi kuliko Amerika ilivyoweza kutoa. Hapo ndipo Afrika ilipoingizwa. Wareno walikuwa wamekwisha kuupeleka mkakao kutoka Brazil hadi visiwa vya São Tomé na Príncipe, kwenye Ghuba ya Guinea, katika miaka ya 1820. Watu waliolima mashamba hayo walitolewa Angola. Baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria, waliendelea kuletwa, ila sasa waliitwa serviçais, watumishi, na kila mmoja alikuwa na mkataba ambao hakuujua ulisema nini. Kurudi kwao hawakurudi. Mnaotaka kujua lugha inavyoweza kufunika uovu, tazameni neno hilo moja. Mwaka wa 1901 William Cadbury, wa kampuni ya Birmingham, alionyeshwa tangazo la shamba lililokuwa likiuzwa São Tomé ambamo vibarua waliorodheshwa pamoja na mali. Mwandishi Henry Nevinson akaenda kuangalia mwenyewe, na kitabu chake cha mwaka wa 1906 kiliuita mfumo ule kwa jina lake halisi: utumwa wa kisasa. Cadbury naye alimtuma Joseph Burtt kuchunguza. Ni mwaka wa 1909 tu ndipo kampuni hiyo na wenzake wa Fry na Rowntree walipoacha kununua kakao ya visiwa hivyo. Mwaka huohuo ilisikilizwa kesi ambayo Cadbury ililishtaki gazeti la Standard la London kwa kuikashifu kwa unafiki. Baraza la wazee wa mahakama liliipa kampuni ushindi, na fidia ya robo ya peni. Nadhani lilijua lilichokuwa likifanya.

Kutoka kisiwa jirani cha Fernando Po, mhunzi wa Ghana aitwaye Tetteh Quarshie alirudi nyumbani Mampong-Akuapem mwaka wa 1879 akiwa na mbegu. Kufikia mwaka wa 1911 Ghana, Gold Coast ya wakati huo, ilikuwa inaongoza ulimwenguni kwa kuuza kakao nje, na wakulima wake wengi walikuwa Waafrika wenye mashamba yao wenyewe. Leo Kodivaa na Ghana pekee zinatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia.

Huku kwetu Mashariki mbegu zilifika Entebbe mwaka wa 1901 kutoka bustani ya Kew, London. Leo Uganda inalima zaidi upande wa Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, na Mukono. Tanzania ina Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mvua na joto vinautosha mkakao, na Wanyakyusa wanaulima katikati ya migomba. Huko mkulima hupeleka mbegu kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikauzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani. Mwaka wa 2024, bei katika soko la dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani kwa sababu mavuno ya Afrika Magharibi yaliharibika, kakao ikawa gumzo hata kwa wasioilima.

Sasa angalia vile vitenzi tena. Mkulima wa Kyela anapanda, anavuna, anavundika, anaanika. Hapo mbegu inapanda meli. Kukaanga, kupepeta, kusaga, kukamua na mengine yote yanafanyika kwa Kijerumani, Kiholanzi na Kifaransa, na huko ndiko pesa nyingi zinakobaki. Wakulima wengi wa kakao hawaijui ladha ya chokoleti. Si kwa sababu kazi ni ngumu, maana tumeshaona kwamba kwa sehemu kubwa ni kazi ya jiwe, uteo na moto. Sisi Kenya tulikuwa na afadhali kidogo. Cadbury ilikuwa na kiwanda Nairobi, ikatangaza kukifunga mwaka wa 2014, na wafanyakazi wapatao 300 wakapoteza ajira. Siku hizi unga wa kunywa tunaokoroga asubuhi tunauletewa. Waliofanya kazi mle walikuwa na msamiati wao wa mashine na hatua za kazi, mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza, na hakuna mtu wa lugha, mimi nikiwamo, aliyekwenda na daftari kuuandika.

Ndiyo sababu ninaifuatilia kwa hamu habari ya Mutwanga. Ni mji mdogo mashariki mwa Kongo, katika eneo la Beni, ambako wakulima wengi wamefukuzwa mashambani na vita visivyoisha. Kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga kumejengwa kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji ya mito ya Rwenzori. Mbegu zinatoka mashamba ya karibu, na kibao kinatoka hapo kikiwa kimefungwa. Watu wa Mutwanga wanazungumza Kiswahili, Kiswahili chao cha Kongo, na bila shaka Kifaransa kinaingia kwenye mashine. Hapa, kwa mara moja, mnyororo mzima wa vitenzi unaweza kusemwa na Waswahili katika mji mmoja.

Vingi, nimeshasema, tunavyo. Upungufu uko kwenye hatua mbili za mwisho. Ya kwanza ni ile ya Lindt. Ulaya imeipa jina kutokana na concha, neno la Kihispania la kombe la baharini, kwa kuwa mashine za mwanzo zilifanana na kombe. Tukilikopa tutapata “kukonchi”, na mimi sitaki kulisikia. Pwani tuna kitenzi kusinga: kusugua mwili taratibu kwa singo, tena na tena, mpaka ngozi ilainike na harufu mbaya iishe, ibaki nzuri. Hicho ndicho mashine ya Lindt inachoifanyia chokoleti, saa baada ya saa. Kwa hiyo napendekeza kusinga, na mashine iitwe kisingio.

Ya pili ni pale ambapo chokoleti iliyoyeyuka hupozwa, ikapashwa tena kidogo kwa kipimo, ili mafuta yagande kwa mpangilio mmoja na kibao king'ae na kuvunjika kwa mlio. Nimejaribu kupoza, lakini kupoza ni nusu ya kazi. Nimejaribu kugandisha, lakini hata ile chokoleti ya dashibodi ya Kitui huganda usiku, ikatoka na ukungu mweupe juu yake. Kwa sasa naandika kutuliza, kama mtu anavyotuliza ng'ombe kabla ya kumkamua, na wenye neno bora walilete hapa ukumbini wiki ijayo.